Boriti, Ringi na Mkasi: Maneno ya Zege katika Historia ya Kariakoo

Mtaalamu wa istilahi hapati taabu kubwa kukipa jina kitu kinachoonekana. Karai, mwiko, timazi na pimamaji vilipata majina yao mikononi mwa mafundi wenyewe, pasipo kamati wala kikao. Taabu huanza pale tunapotakiwa kulipa jina jambo lisiloonekana mpaka limekwisha kudhuru. Kani inayolikata zege ndani ya boriti, karibu na nguzo, ni jambo la aina hiyo. Wahandisi wameichunguza kwa zaidi ya miaka 100. Mafundi huizuia kila siku kwa ringi wanazozikunja kwa mikono yao. Lakini mtumishi wa serikali anayetakiwa kuieleza kwa wananchi, na mwalimu anayetakiwa kuifundisha, hana neno moja la Kiswahili analoweza kuliandika akiwa na hakika kwamba atakayelisoma ataelewa jambo lile lile.

Upungufu huu si wa kimaandishi tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne katika eneo la Mitaa ya Mchikichi na Kongo, Kariakoo, liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani yake, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kutoa hukumu juu ya chanzo cha misiba hiyo ni kazi ya tume na mahakama, wala si ya makala haya. Letu ni lugha. Nasi tunaona kwamba habari za misiba ya namna hii hutolewa kwa vitenzi vichache: kuanguka, kuporomoka, kubomoka, kutitia. Vitenzi hivyo vyote hueleza mwisho wa jambo. Hakuna hata kimoja kinachoeleza mwanzo wake.

Katika kurasa hizi tutafuata historia ya maneno ya ujenzi katika mji wa Dar es Salaam, na hasa Kariakoo, ili kuonyesha jinsi pengo hilo lilivyotokea. Hoja yetu ni kwamba msamiati tuliourithi ulizaliwa katika ujenzi wa miti na udongo, ambao aghalabu hutoa onyo kabla ya kuvunjika; nao umehamishiwa kwenye zege, ambalo kwa namna moja ya kuvunjika halitoi onyo. Istilahi tutakayoichagua haina budi kuionyesha tofauti hiyo.

Boriti ya mkoko

Kabla ya zege kuenea, boriti lilikuwa jina la kitu mahususi: gogo la mkoko lililokatwa katika delta ya Mto Rufiji, au Lamu, na kusafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, Arabuni na nchi za Ghuba. Katika nyumba za mawe za pwani, boriti zilipangwa kwa kukaribiana juu ya kuta za matumbawe na chokaa, kisha juu yake pakamwagwa mawe na chokaa mpaka ikapatikana sakafu nene na nzito. Kwa kuwa mkoko ulionyooka hauna urefu mkubwa, boriti ndiyo iliyoweka mpaka wa upana wa chumba, aghalabu kati ya mita 2.5 na 3. Hivyo waashi wa pwani walipata usalama wao kwa njia mbili: walifupisha umbali baina ya kuta, na walizidisha idadi ya boriti. Boriti moja ikiliwa na mchwa, jirani zake ziliubeba mzigo wake.

Mti una tabia nyingine iliyoingia katika lugha. Boriti ya mti ikizidiwa hupinda, hulia, hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na aghalabu hukaa hivyo kwa siku nyingi kabla ya kuanguka. Mwenye nyumba huona na husikia. Ndiyo maana maneno tuliyo nayo ya kueleza udhaifu wa jengo ni maneno ya mambo yanayokwenda polepole: kupinda, kubonyea, kulegea, kuinama, kudidimia. Hata methali yetu mashuhuri, usipoziba ufa utajenga ukuta, ni methali ya ukuta wa udongo. Yachukulia kwamba ufa ukisha kuonekana, upo wasaa wa kuuziba.

Maneno mengine ya ujenzi yana safari zao. Saruji ni neno lenye asili ya Kiajemi, na katika Oman jina hilo lilikuwa la lipu ya udongo uliochomwa na kusagwa, iliyotumika katika ngome na mifereji ya maji muda mrefu kabla ya saruji ya kiwandani. Zege nalo, katika kamusi za kale za Kiswahili, ni paa la mviringo, ndugu wa kuba. Baadaye likawa jina la mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Kwa njia hiyo hiyo boriti liliacha kuwa gogo la mkoko, likawa jina la kiungo cho chote cha jengo kinacholala juu ya nguzo au kuta na kubeba mzigo. Uhamisho wa namna hii ni njia halali na nzuri ya kukuza lugha. Lakini neno linapohama huchukua pamoja nalo picha yake ya zamani, na picha ya boriti ilikuwa ya kitu kinachotoa onyo.

Kariakoo: kutoka udongo hadi ghorofa

Jina la Kariakoo lenyewe ni somo la utohozi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo lililotamkwa na wenyeji mpaka likawa Kariakoo. Hakuna aliyelitafsiri, lilikaa mdomoni mwa watu, likabaki.

Taratibu za ujenzi za wakati wa ukoloni ziliugawa mji katika kanda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, upande wa bahari. Ya pili ilikuwa ya biashara, iliyokaliwa zaidi na watu wa asili ya Kihindi. Ya tatu ilikuwa ya Waafrika, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Majengo ya kudumu yalitakiwa katika kanda mbili za kwanza. Kariakoo ilikuwa mahali pa nyumba ya Kiswahili: ujia katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, kuta za miti na udongo, paa la makuti au la madebe. Mgawanyo huo wa ardhi ulikuwa pia mgawanyo wa lugha. Hesabu za zege zilifanywa kwa Kiingereza katika ofisi za kanda nyingine, na maneno ya kazi yakapita kwa mafundi kwa kusikia tu. Ndivyo tulivyopata renta, slabu na ringi. Aliyeyapokea maneno hayo alipokea jina la kitu na namna ya kukifunga. Sababu ya kukifunga hivyo ilibaki katika kitabu ambacho hakusomeshwa.

Baada ya Uhuru hali ilianza kubadilika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, mwaka ule ule Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo wa Kitanzania, Beda Amuli, aliyesomea Haifa katika Israeli, lilifunguliwa mwaka 1975. Jengo hilo lilikuwa tangazo la uwezo mpya: paa lake ni la miavuli ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, na chini ya ardhi limo soko la shimoni. Mwuza mchicha wa Kariakoo akawa anafanya kazi chini ya umbo la zege ambalo miji mingi ya Afrika haikuwa nalo.

Ila taasisi hizo tatu, Baraza, Kitivo na Soko, hazikukutana katika lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya shule ya msingi, na Kiingereza kikabaki lugha ya kitivo. Biashara ilipolegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, na miaka iliyofuata, nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilianza kuvunjwa moja baada ya nyingine, na mahali pake pakasimama maghorofa. Chini yakawekwa fremu za maduka; juu, vyumba vilivyokusudiwa makazi au ofisi vikageuzwa kuwa stoo za vitenge, viatu, vyombo na vigae. Mtaa uliokuwa wa udongo ukawa wa zege katika muda wa kizazi kimoja, na msamiati wa mafundi ukabaki ule ule.

Kupinda na kukatwa

Sasa tuitazame boriti ya zege yenyewe. Tuseme ina urefu wa mita 6, imelala juu ya nguzo mbili, nayo yabeba mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita. Mzigo wote ni kilonewtoni 120, na kila nguzo hupokea 60. Mzigo huo huifanyia boriti mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kuipinda. Upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Jambo hili hufikia kilele chake katikati ya boriti, ambapo momenti ya kupinda katika mfano wetu ni kilonewtoni-mita 90. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo huwekwa nondo ndefu upande wa chini, nazo ndizo zinazovutwa kwa niaba ya zege.

La pili ni kuikata. Mzigo husukuma boriti kwenda chini, nguzo husukuma kwenda juu, na baina ya misukumo hiyo miwili sehemu moja ya boriti hutaka kushuka na jirani yake hutaka kubaki. Kwa sasa tuiite kani ya kukata. Katikati ya boriti yetu kani hiyo ni sifuri. Karibu na kila nguzo ni kilonewtoni 60. Matokeo yake ndani ya zege ni mvuto wa mshazari, na ufa wake huinama kama paa la nyumba, kutoka chini karibu na nguzo kuelekea juu na katikati.

Tofauti ya nyufa hizi mbili ingefaa kufundishwa mapema kama zinavyofundishwa alama za barabarani. Ufa uliosimama wima, chini, katikati ya boriti, ni ufa wa kupinda. Nondo ndefu zikiwa zimewekwa kwa kipimo, ufa huo hupanuka polepole, kwa sababu chuma hunyumbuka sana kabla ya kukatika. Boriti hubonyea, lipu hudondoka, watu hutoka. Ufa wa mshazari karibu na nguzo ni habari nyingine. Pasipo ringi za kutosha hapana chuma kinachoushika, na zege likivutwa halinyumbuki. Kutoka ufa hadi kuanguka wasaa waweza kuwa mfupi mno.

Ringi ndizo zinazoushika ufa huo. Nondo ndefu huzungukwa na ringi zilizosimama, na ufa wa mshazari hauwezi kufunguka bila kuzivuta. Ndiyo maana hukaribiana zaidi zinapofika kwenye nguzo na huachana zaidi katikati. Ufa ukiinama nyuzi 45 katika boriti yenye kina cha sentimita 45, ringi zikiwekwa kila sentimita 15, ufa huo utapitiwa na ringi tatu hivi. Fundi akizitawanya kila sentimita 30 ili kubana gharama, ufa utapitiwa na moja au mbili. Boriti itaonekana ile ile baada ya lipu kupigwa, na itaubeba uzito wake siku ya kuondoa mirunda. Mafundi husema zege halilali, maana likisha kuchanganywa lazima limwagwe siku ile ile. Kwa bahati mbaya haraka hiyo ndiyo inayofanya ringi zisihesabiwe, na likisha kumwagwa haziwezi kuhesabiwa tena kwa macho.

Jinsi elimu hii ilivyopatikana

Isidhaniwe kwamba mataifa ya viwanda yaliijua habari hii tangu mwanzo. Mfaransa François Hennebique alipata hataza ya zege lake lenye vyuma mwaka 1892, na ndani yake mlikuwa na vyuma vya kusimama, wazee wa ringi zetu. Lakini nadharia ilikuja baadaye. Mwaka 1899 Wilhelm Ritter, kule Zürich, alifananisha boriti iliyopasuka na kenchi: zege baina ya nyufa ni viungo vya mshazari vinavyobanwa, na ringi ni viungo vya wima vinavyovutwa. Emil Mörsch wa Ujerumani aliukuza mfano huo katika kitabu chake cha mwaka 1902. Fundi seremala wa Kariakoo anayefunga kenchi za paa anaijua hoja ya Ritter kwa mikono yake, ingawa hakuambiwa kwamba kenchi hiyo imo pia ndani ya boriti ya zege.

Hata hivyo, kwa nusu karne iliyofuata, wahandisi wengi walidhani zege lenyewe laweza kuaminiwa kuibeba sehemu kubwa ya kani hii. Mwezi Agosti 1955 paa la ghala la jeshi la anga la Marekani, huko Shelby, Ohio, lilianguka likiwa halina mzigo ila uzito wake. Boriti zake zilikuwa na kina cha karibu sentimita 91, na mahali zilipokatika hapakuwa na ringi. Tukio hilo lilifungua utafiti mpya. Miongoni mwa watafiti alikuwepo Gaspar Kani wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye jina lake, kwa sadfa inayompendeza Mswahili, linalingana na neno letu la nguvu isukumayo. Katika makala ya mwaka 1964 aliliita jambo hili kitendawili, na mwaka 1967 alionyesha kwamba boriti isiyo na ringi ikiongezwa kina, nguvu yake ya kuzuia kukatwa haiongezeki kwa kadiri ile ile; kila eneo la zege katika boriti kubwa hubeba kidogo kuliko katika boriti ndogo. Aliyejenga nyumba ya ghorofa moja kwa mazoea, kisha akayakuza mazoea hayo hadi ghorofa sita, hajabaki katika usalama ule ule.

Kani hii huonekana pia mahali ambapo slabu hukaa juu ya nguzo pasipo boriti. Hapo nguzo hutaka kuitoboa slabu. Tarehe 29 Juni 1995 duka kubwa la Sampoong, Seoul, liliporomoka kwa namna hiyo na kuua watu 502. Nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene, ghorofa ya tano ilikuwa imebadilishwa matumizi na kuongezewa uzito, na mitambo mizito ilikuwa imewekwa juu ya paa. Nyufa zilionekana, na asubuhi ya siku ile wakuu wa duka walikuwa na habari zake. Walizichukulia kama nyufa za kuzibwa. Wateja hawakuondolewa.

Kutegemeka

Kutokana na haya, wahandisi hawaulizi tu kama boriti ina nguvu. Huuliza kama yategemeka. Nguvu ya zege si namba moja: hutofautiana toka karai hadi karai, kwa maji yaliyozidishwa, kwa kokoto zenye vumbi, kwa kutomwagiliwa maji siku za mwanzo. Mzigo nao si namba moja. Kutegemeka ni uwezekano kwamba, katika maisha yote ya jengo, nguvu itazidi mzigo. Kwa kuwa makadirio ya kani ya kukata yana mashaka mengi kuliko ya kupinda, na kwa kuwa matokeo yake ni ya ghafla, kanuni huidai tahadhari kubwa zaidi. Kanuni za zege za Marekani, tangu toleo la mwaka 2002, huzidisha nguvu iliyokadiriwa ya kupinda kwa 0.90, lakini nguvu ya kuzuia kukatwa huzidishwa kwa 0.75. Maana yake ni hii: kama boriti haina budi kushindwa, basi ishindwe kwa kupinda, ili watu wapate kutoka.

Upande wa mzigo, historia ya Kariakoo yatupa mfano ulio wazi. Kanuni za Uingereza, ambazo wahandisi wetu wamezifuata kwa miaka mingi, ziliukadiria mzigo wa sakafu ya makazi kuwa kilonewtoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani kiasi cha kilo 150. Kwa ghala la kawaida zilitaka kilonewtoni 2.4 kwa kila mita moja ya kimo cha bidhaa. Chumba cha kulala kikigeuzwa stoo, marobota yakapangwa hadi kimo cha mita 3, kadirio lafika kilonewtoni 7.2, karibu mara tano ya lile la mwanzo. Kani ya kukata kwenye nguzo huongezeka sambamba na mzigo huo. Hakuna ukuta uliobomolewa wala tofali lililoongezwa. Kilichobadilika ni matumizi tu.

Moto nao hubadilisha nguvu. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na baada yake ikafanyika kazi ya kulikarabati na kujenga soko jipya kando yake. Chuma kikifikia joto la nyuzi 600 hivi za sentigredi huwa kimepoteza karibu nusu ya nguvu yake wakati wa moto, na zege hupasuka na kubanduka. Mkaguzi wa jengo lililoungua hatosheki kutazama masizi. Anatakiwa aandike ni nguvu gani iliyosalia, na ya aina gani. Hapo ndipo anapohitaji neno.

Neno tunalolitafuta

Kwa beam tusiwe na shaka: boriti limekwisha kuzoeleka kwa mafundi na katika vitabu. Wapo wanaopendelea mhimili. Neno hilo ni zuri, latokana na kuhimili, lakini sikio la mtumishi wa serikali limekwisha kulizoea katika mihimili ya dola, likaleta picha ya kitu kinachosimama, boriti hulala. Ringi nalo libaki. Limo midomoni mwa kila fundi, nalo halikosewi. Kwa kutegemeka, twatahadharisha dhidi ya utegemezi, maana utegemezi ni hali ya anayemtegemea mwingine, nasi twataka hali ya kinachotegemewa. Kitenzi-jina kutegemeka chatosha: kiwango cha kutegemeka cha boriti.

Lililobaki ni jina la kani yenyewe. Neno linalojitokeza kwanza ni mkato. Lina ubaya wa aina mbili. Kwanza, limekwisha kupewa kazi nyingi, mojawapo ikiwa ni alama ya uandishi. Pili, na hili ndilo kubwa, kukatika kwa Kiswahili ni mwisho wa mambo mengi. Kamba ikivutwa hukatika. Huo ni mvuto. Tawi likilemewa hukatika. Huko ni kupinda. Taarifa ikisema boriti imekatika, haijasema lolote juu ya sababu.

Tazama lugha nyingine zilivyofanya. Wajerumani, waliotawala Dar es Salaam mpaka mwaka 1916, huiita kani hii kwa neno lenye maana ya kusukuma. Waingereza na Wafaransa wote wawili wamechukua majina yao kutoka kwenye makasi. Waarabu huiita qass, na kutoka mzizi huo huo ndipo lilipotoka neno lao la makasi, ambalo sisi tulilipokea zamani kama mkasi. Kwa hiyo tunalo tayari, limo ndani ya Kiswahili, lajulikana na mtoto wa shule na fundi cherehani wa Kariakoo, nalo lina picha iliyo sahihi kabisa: makali mawili yanayopishana kwa karibu, moja likishuka na moja likipanda, na kilicho baina yao hakipati nafasi ya kunyumbuka.

Twapendekeza, basi, kani ya mkasi. Uzuri wa istilahi hupimwa kwa uzao wake, nayo huzaa vizuri: ufa wa mkasi, mbali na ufa wa kupinda, nguvu ya kuzuia mkasi, nondo za mkasi, likiwa jina la jumla ambalo ringi ni aina yake mojawapo, na mkasi wa kutoboa, kwa slabu inayotobolewa na nguzo. Yaweza kupingwa kwamba mkasi halina kitenzi. Ni kweli, lakini twaweza kusema boriti imekatika kimkasi, na kiambishi hicho cha namna ndicho hasa kinachobeba habari iliyokosekana katika imekatika peke yake. Yaweza kupingwa pia kwamba wahandisi watacheka. Walicheka watu vivyo hivyo waliposikia kwa mara ya kwanza maneno ambayo leo yamo katika kila kitabu cha fizikia.

Kazi iliyo mbele

Suala hili halingoji tena hiari ya waandishi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, ingawa Kiingereza kilibakiziwa nafasi inapolazimu. Baada ya msiba wa Novemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Kazi za namna hii huzaa taarifa, na taarifa huzaa mashauri. Hakimu atakayeulizwa kama mwenye jengo alionywa, atapaswa kupima maneno ya onyo lenyewe. Barua isemayo jengo lina nyufa, lifanyiwe matengenezo, na barua isemayo boriti za ghorofa ya pili zina nyufa za mkasi karibu na nguzo, watu waondolewe leo, ni nyaraka mbili tofauti mbele ya sheria, na mbele ya mpangaji aliyemo ndani.

Kwa watafsiri, ombi letu ni kwamba wasiutafsiri msamiati huu bila kwanza kusimama na mafundi mahali pa kazi na kuuliza wanaitaje kila kitu. Kwa walimu, nyufa za aina mbili zichorwe ubaoni hata katika madarasa yasiyo ya ufundi, kwa kuwa wanafunzi wote hukaa chini ya boriti. Kwa watumishi wa halmashauri, fomu ya ukaguzi wa jengo iwe na mistari miwili iliyotengwa, mmoja wa nyufa za kupinda na mmoja wa nyufa za mkasi, na mbele ya mstari wa pili liandikwe jina la ofisa anayepaswa kuarifiwa siku ile ile.